Kisa Kisichohitaji Chumvi

Tarehe 15 Januari 1941, katika kambi ya Wajerumani ya wafungwa wa vita huko Görlitz, wafungwa wanne Wafaransa walipiga muziki alioutunga mmoja wao, Olivier Messiaen, kwa piano, fidla, klarineti na selo. Aliuita Kwarteti ya Mwisho wa Wakati.

Miaka ya baadaye Messiaen alisimulia kwamba wasikilizaji walikuwa maelfu, na selo ilikuwa na nyuzi tatu tu. Étienne Pasquier, mpigaji wa selo hiyo, alikanusha: nyuzi zilikuwa nne. Na banda lenyewe liliweza kuchukua watu mamia tu.

Je, sifa imepungua? La hasha. Katikati ya baridi na njaa, wafungwa walikaa kimya wakasikiliza. Kisa hiki hakikuhitaji kutiwa chumvi.