Malambo ya Mto Washita

Tarehe 4 Aprili 1934, magharibi ya Oklahoma huko Marekani, mvua ya kama milimita 350 ilimwagika ndani ya saa sita. Sisi tuliokulia Dodoma tunaijua mizani hiyo: ni zaidi ya nusu ya mvua yetu ya mwaka mzima. Mto Washita ulipanda usiku ukaua watu 17 katika eneo la Hammon.

Nimefanya kazi ya malambo Dodoma na Singida hadi nikastaafu, na binti yangu anaishi Oklahoma. Ndiyo sababu nimepata kuyakanyaga matuta ya malambo ya bonde lile. Udongo wake ni mwekundu kama wa kwetu, na kosa lililotendeka juu yake tunalifahamu pia. Wakulima walifyeka nyasi za asili wakapanda ngano na pamba hadi kwenye miteremko. Ukame ulipokuja upepo ukapeperusha udongo. Mvua ilipokuja makorongo yakaubeba. Mwaka 1935 Kongresi iliunda idara ya kuhifadhi udongo, chini ya Hugh Hammond Bennett, na wataalamu wake wakashikilia jambo moja: maji yakamatwe yangali machache, shambani, kwa nyasi, kwa makinga maji na kwa malambo madogo kwenye vijito vya juu.

Wahandisi wa jeshi la Marekani, wazoefu wa mito mikubwa, hawakukubali. Wao walitaka mabwawa makubwa chini, kwenye mto wenyewe. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na nusu ya haki: lambo dogo huokoa shamba na daraja lililo karibu nalo, lakini gharika ikishafika kwenye mto mkubwa, lambo hilo halina la kufanya. Hata hivyo, tarehe 22 Desemba 1944 Rais Roosevelt alisaini sheria iliyoruhusu kazi katika mabonde 11, Washita likiwemo. Lambo la kwanza, la kijito cha Cloud karibu na mji wa Cordell, lilizinduliwa tarehe 8 Julai 1948. Sheria nyingine ya 1954 ikaueneza mpango huo nchi nzima. Leo malambo ya aina hiyo ni karibu 12,000, na Oklahoma peke yake ina zaidi ya 2,000.

Uzuri wa lambo la aina hii ni kwamba halina mlinzi. Hakuna lango la kufungua wala mtu wa kuamshwa usiku. Ndani ya maji umesimama mnara mfupi wa zege, na kutoka chini yake bomba linapita chini ya tuta hadi upande wa pili. Mafuriko yakija, maji hujaa nyuma ya tuta kisha bomba huyatoa polepole kwa siku kadhaa, hadi yashuke kwenye usawa wa mdomo wa mnara. Sehemu iliyo chini ya mdomo huo imeachiwa tope, kwa hesabu ya miaka 50 hivi. Mvua ikizidi kipimo, maji hupitia utoro: njia pana iliyochongwa kwenye ardhi ya asili pembeni mwa tuta na kuoteshwa nyasi. Utoro unaweza kukaa miaka na miaka bila kuona tone, ndipo watu hushawishika kuujengea uzio au kulundika humo marobota ya nyasi.

Mkaguzi hutembea. Huanzia juu ya tuta akitafuta nyufa na mabonde, hushuka kwenye kitako akikanyaga kama pana unyevu. Maji yanayovuja yakiwa meupe, unaandika na kurudi wiki ijayo. Yakiwa na rangi ya udongo, huondoki hapo mpaka umepiga simu, maana tuta limeanza kuliwa kutoka ndani. Kwetu nilitafuta mchwa na mashimo ya nguchiro. Kule wanatafuta fuko, njia za ng'ombe, na miti. Watu hunishangaa ninapouchukia mti ulioota tutani, lakini mizizi yake ikioza huacha vichuguu, na maji hayahitaji mwaliko.

Wamarekani walijifunza haya kwa vifo. Novemba 1977, usiku, bwawa la udongo la Kelly Barnes huko Georgia lilivunjika juu ya chuo cha Biblia cha Toccoa Falls, watu 39 wakafa. Halikuwa la kuzuia mafuriko. Lilikuwa limeachwa tu baada ya kazi yake ya umeme kuisha, na mteremko wake umeota miti. Rais Carter, mwenyewe mtu wa Georgia, aliamuru ukaguzi. Mabwawa karibu 9,000 yasiyo ya serikali kuu yalikaguliwa, na kama theluthi moja yakaonekana si salama. Kenya ilipata somo lake Mei 2018, bwawa lilipovunjika Solai, Nakuru.

Lakini malambo ya Washita yana tatizo jingine, na hili ndilo linalonikosesha raha kuliko fuko. Yalipojengwa, chini yake palikuwa na malisho na mashamba. Lambo likivunjika, hasara ilikuwa uzio na mazao. Basi lilijengwa kwa kipimo cha hasara hiyo. Kijito kikatulia. Baada ya miaka 20 bila mafuriko, bonde likaonekana kiwanja kizuri, nyumba zikajengwa, barabara ikapita. Wamarekani hulipanga bwawa katika daraja la hatari kwa kuangalia walio chini yake. Kwa hiyo lambo lisilo na ufa hata mmoja linaweza kupanda kutoka hatari ndogo hadi hatari kubwa kwa sababu tu mtu amejenga. Na limevutia wajenzi kwa kuifanya kazi yake vizuri.

Mwaka 2000 ilipitishwa sheria ya kuyakarabati malambo hayo. Kazi ya mwanzo ilifanyika kwenye kijito cha Sergeant Major, karibu na mji wa Cheyenne, Oklahoma. Kukarabati ni kubadilisha mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, kuinua tuta, na kupanua utoro. Fedha nyingi hutoka serikali kuu. Kukata nyasi na miti ni jukumu la wilaya ya hifadhi, chombo chenye wajumbe wachache na trekta, kinachoingia kwenye shamba la mtu kwa hati ya ruhusa iliyosainiwa na babu wa mwenye shamba wa leo. Wilaya hiyo inaweza kung'oa kila mti tutani; kibali cha kujenga nyumba chini yake hutolewa na ofisi nyingine.