Watu wa Daftari na Tufani ya Theluji

Vijana wenzangu, wengi wetu tuna ndugu waliohamishiwa Marekani, kwenye majimbo ya baridi kama Nebraska na Minnesota. Siku ya dhoruba ya theluji wanatangaziwa mapema wabaki nyumbani. Hilo tangazo lilitoka wapi? Lilianza na watu wa kawaida tu, wenye daftari.

Mwaka 1849 Joseph Henry, mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, aliomba watu wa kujitolea wamwandikie hali ya hewa ya kwao. Mwaka ulipoisha walikuwa kama 150. Hawakulipwa. Kila siku walisoma kipimajoto, wakatazama upepo na mawingu, wakaandika. Habari za telegrafu nazo zikamsaidia Henry kuchora ramani. Kule dhoruba nyingi hutoka magharibi kwenda mashariki. Basi wa magharibi akisema mapema, wa mashariki anajiandaa.

Mmoja wa watu hao alikuwa Increase Lapham wa Milwaukee. Shule alisoma kidogo, ujanani akafanya kazi kwenye mifereji. Alikusanya hesabu ya hasara kwenye Maziwa Makuu ya kwao: mwaka 1869 peke yake, vyombo 1,914 viliharibika au kuzama, na watu 209 wakafa. Akaipeleka kwa mbunge. Februari 1870 Rais Grant akasaini, idara ya hali ya hewa ikaanza chini ya jeshi. Tarehe 8 Novemba Lapham mwenyewe akatoa onyo la kwanza la dhoruba.

Ila kujua ni kitu kimoja, kumfikishia mtu ni kingine. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi, huko Nebraska na Dakota, kulikuwa na joto kidogo. Watoto wengi walienda shule bila makoti mazito. Onyo la baridi lilikuwa limetolewa, lakini lilipita kwenye telegrafu na bendera za mjini, mashambani halikufika. Tufani ikaja ghafla, mtu haoni hata mkono wake. Inakadiriwa watu 235 walikufa, wengi wakiwa watoto wa shule.

Mpaka leo wa kujitolea wapo, wanapima theluji na mvua kwenye viwanja vyao. Na sisi huku, upepo unaong'oa mahema, nani anaandika? Nani anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu?