Boma la Watafuta Zahabu na Sheria ya Yubile



Yubile tunayoshangilia ina mzizi katika sheria ya Musa: kila mwaka wa makumi tano, shamba lililotoka mikononi mwa jamaa lilirudishwa kwa wenyewe. Sisi tunaoishi karibu na machimbo ya zahabu, yafaa tuikumbuke sheria hiyo kwa habari ya boma moja la mbali, katika milima ya Black Hills, inchini Marekani.

Kwa mapatano ya Fort Laramie ya mwaka 1868, serikali ya Marekani ilikubali kwamba milima hiyo ni ya Walakota na jamaa zao, na kwamba mzungu asikae humo pasipo ruhusa yao. Lakini mwaka 1874 msafara wa askari wa Custer uliona zahabu kule. Tarehe 23 Desemba ya mwaka uleule, watu 28 walioongozwa na John Gordon wakafika penye kijito cha French Creek. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Annie Tallent, pamoja na mtoto wake. Wakakata miti, wakaisimika bega kwa bega, wakafanya boma la mraba, karibu meta 24 kila upande, na ndani yake nyumba za magogo. Walijikinga na wenye inchi.

Mwezi wa Aprili 1875 askari wakawaondoa, maana mapatano yalikuwa wazi. Lakini habari ya zahabu ilikuwa imekwisha kuenea. Maelfu wakafuata, na serikali ikaacha kuwazuia. Mwaka 1876 ikawa vita. Mwaka 1877 Walakota wakanyang'anywa milima yao kwa sheria.

Katika kabila hilo alitokea Nicholas Black Elk, aliyebatizwa mwaka 1904, akawa katekista kama sisi. Mwaka 2017 jimbo la Rapid City lilianza kuchunguza maisha yake ili apate kutangazwa mtakatifu. Tangu mwaka 2016, mlima unaopita yote ya kule kwa urefu unaitwa kwa jina lake. Jina limerudi, inchi haijarudi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ilikubali kwamba wenyeji hawakulipwa kwa haki, wakapewa zaidi ya dola milioni 100. Walakota wakakataa feza hizo: wanadai milima yao.

Boma linaloonekana pale leo lilijengwa upya, watu huenda kulitazama. Nasi tujiulize, ndugu: mali tuliyoizungushia ua, ni yetu kweli, ao ni ya jirani? Asiyerudisha cha mwenzake, yubile yake ni ngoma tu.