Amin Hakushitakiwa, Majirani Wakalipa



Vijana wetu huuliza: kiongozi akishang'oka madarakani, kumshitaki kuna faida gani? Historia ya huku kwetu Mbarara ina jibu.

Idi Amin alitawala Uganda tangu 1971. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Mbarara, na mwezi Aprili Kampala ikaanguka. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama kizimbani hata siku moja. Hasira iliyomkosa yeye ikawapata wengine. Mwaka huo huo wa 1979, Waislamu waliuawa hapa Ankole, upande wa Bushenyi, kwa kuhesabiwa kuwa watu wa Amin.

Sasa tuitazame Rwanda, walikotoka wakimbizi wengi wa Nakivale. Jean Kambanda, Waziri Mkuu wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alikamatwa Nairobi mwaka 1997. Mwaka 1998 alikiri makosa mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu haikurudisha wafu, lakini iliandika jina la mtu na kosa lake, siyo jina la kabila.

Wazazi, tuwaeleze watoto: kesi humtwisha mkosaji mzigo wake ili jirani asiubebe. Waislamu wa Ankole walibebeshwa mzigo wa Amin. Basi nasi tusimbebeshe mtoto wa Kihutu aliyezaliwa Nakivale mzigo wa Kambanda.