Mwiko, Daftari na Jua: Wanafunzi na Vijana wa Ufundi Katika Handeni na Korogwe

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike habari za zamani kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, alinipa hiari ya kuchagua jambo. Sikuhangaika. Katika kikao cha maandalizi tulibishana mpaka chai ikapoa juu ya nyumba ya mwalimu ambayo chama chetu kimeazimia kuijenga, nyumba ya vyumba vitatu itakayowaka taa kwa nguvu za jua. Walio wengi walitaka apewe mkandarasi, tumlipe, atukabidhi ufunguo. Mimi na wachache tulitaka ijengwe na wanafunzi pamoja na vijana wanaojifunza kazi kwa mafundi wa hapa kwetu. Ndugu mmoja ninayemheshimu sana akaniuliza mbele ya wote: "Tangu lini watoto wa shule wakajenga nyumba ikasimama?" Wakacheka, nami nikakosa jibu la haraka. Makala haya ndiyo jibu langu.

Tuanzie mbali kidogo, ng'ambo ya bahari. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1873, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla kazi haijamalizika. Askofu Edward Steere aliisimamia mwenyewe. Misheni yake iliwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kusoma na kuandika, lakini pia iliwafundisha useremala na uchapaji, na misheni hiyo hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikafika Magila na Korogwe. Wageni wanaotembelea Mkunazini huoneshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu alikuwa hayupo siku hiyo, na wajenzi wakaziweka walivyodhani. Hazikubomolewa. Zaidi ya miaka mia moja na arobaini zimebeba mzigo wake bila kulalamika.

Huku bara, shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa na karakana zake. Humo vijana walijifunza kazi za mikono, na gazeti la Kiongozi likapigwa chapa humo. Nisieleweke kwamba nawasifu wakoloni. Walihitaji makarani na walihitaji mikono, basi wakavipata vyote viwili kwa gharama ndogo. Baadaye Waingereza walizitenga kazi hizo kabisa. Katika miaka ya 1950 palikuwa na shule za ufundi kama Ifunda na Moshi, na palikuwa na sekondari za masomo ya vitabu. Aliyeshika randa akaenda kwake na aliyeshika kalamu akaenda kwake, na wa kalamu akafundishwa kumwona mwenzake kuwa ni mtu aliyeshindwa. Ugonjwa huo tuliurithi pamoja na majengo.

Machi 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Sote tuliyasoma, wengine kwa sababu yalitoka kwenye mtihani. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba moja ya sehemu zilizojaribu kuyatekeleza kwa dhati ilikuwa wilaya yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo cha Ualimu Korogwe kilianzisha shule ya jamii katika kijiji cha Kwamsisi, Handeni. Wakufunzi hawakwenda na mtaala ulioshonwa tayari. Walikaa na wanakijiji wakatazama kijiji kinahitaji nini, kisha masomo yakafungamanishwa na maisha ya pale. Wanakijiji wenye ujuzi waliingia shuleni kufundisha walichokijua, na watoto walitoka darasani kushiriki kazi za kijiji. Kutokana na mbegu hiyo ukazaliwa mpango ulioitwa MTUU, kwa msaada wa UNICEF na UNESCO, ukaenea katika shule nyingine nchini.

Kwamsisi haikuwa peponi. Shule ya mfano hupewa walimu na vifaa ambavyo shule ya jirani haipewi, kwa hiyo si rahisi kuizidisha mara elfu. Wazazi nao walikuwa na hoja yao. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtihani wa darasa la saba haukuuliza mtoto anajua kupanga tofali. Mzazi aliyetaka mwanawe achaguliwe alikuwa na haki ya kushuku elimu ambayo mtoto wa mkubwa hapewi.

Kisha, ndugu zangu, tuseme ukweli hata kama tunasherehekea. Katika shule nyingi kujitegemea kuligeuzwa kuwa jembe, na jembe likageuzwa kuwa adhabu. Aliyechelewa namba alikwenda kulima. Aliyefaulu alisamehewa kulima. Wako waliolima mashamba ambayo mahindi yake hawakuyaona mezani. Mtoto akilelewa hivyo, utamwambia nini juu ya heshima ya kazi? Yule ndugu aliyeniuliza swali katika kikao ni wa miaka hiyo. Kicheko chake nakielewa.

Mimi niliona kitu kingine, na ni bahati tu. Mwaka 1996, tukiwa kidato cha pili, shule yetu ilijenga stoo. Fedha hazikutosha kulipa vibarua, basi akaitwa fundi mwashi mmoja kutoka Chanika na vijana wake wawili waliokuwa wanajifunza kazi. Darasa letu likapewa zamu ya kubeba mchanga kutoka korongoni, kuchota maji na kuchanganya udongo wa saruji. Vijana wale walikuwa na umri wetu. Walimaliza darasa la saba, hawakuchaguliwa. Siku mbili za kwanza hatukusemeshana. Sisi tulijiona wasomi kwa sababu ya soksi nyeupe. Wao walitucheka kwa sababu ya mchanganyiko wetu, uliokuwa kama uji wa mgonjwa.

Siku ya tatu fundi alipima pembe ya msingi. Alichukua kamba, akahesabu futi tatu upande huu akatia alama, futi nne upande ule akatia alama, kisha akavuta kamba kati ya alama mbili na kumwambia kijana wake asogeze mambo hadi isome tano. "Hapo," alisema, "pembe imekaa." Mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu akaganda na ndoo mkononi. Juma lililotangulia tulikuwa tumekariri kanuni ya Pythagoras ubaoni, tumeifanyia zoezi na kupata alama zetu, wala hapana hata mmoja wetu aliyejua kwamba ile ni kamba. Vijana wa fundi walikuwa wakiitumia kila juma bila kujua kwamba ina jina. Jioni ile tulikaa juu ya rundo la tofali, sisi tukiwachorea pembetatu mchangani, wao wakituonesha kwa nini timazi haidanganyi na macho hudanganya. Stoo ilikamilika kwa majuma saba. Ukuta wa magharibi una tumbo kidogo, na najua ni zamu ya nani, lakini umesimama.

Tuje kwenye taa. Katika miaka hiyo prepu yetu ilikuwa ya karabai na chemli. Palikuwa na jenereta, ilikohoa muhula mmoja ikanyamaza. Na uchungu wa jambo hili ni wa kijiografia. Kituo cha umeme cha Hale, katika wilaya ya Korogwe, kilianza kazi mwaka 1964 kwa nguvu za Mto Pangani, ambao wazee wetu huuita Luvu. Kina uwezo wa megawati 21. Nyaya zake kubwa zilipita katika ardhi ya Handeni zikielekea Chalinze na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi wakulima walipalilia mihogo chini ya nyaya zile, na jua likizama wakawasha koroboi. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa REA ukaanza kazi mwaka 2007, na ndipo nguzo zikaanza kuingia vijijini kwa wingi.

Majirani zetu wa Kenya hawakungoja nguzo. Mwaka 1984, katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, upande wa Meru, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aitwaye Mark Hankins alikuwa akijiandaa kununua jenereta. Mhandisi Harold Burris, Mmarekani mwingine aliyekuwa amelowea sehemu hizo, akamshawishi ajaribu paneli za jua. Madarasa yakawaka, na walimu walipoona wakataka taa hizo hizo majumbani mwao. Lakini kwangu jambo kubwa lilikuja mwaka uliofuata. Mafundi wa sehemu hizo walikusanywa wakafundishwa, na darasa lao la vitendo likawa ni mapaa ya shule nyingine: asubuhi nadharia, baadaye ngazi na bisibisi. Shule zikapata mwanga, na nchi ikapata mafundi. Huku kwetu kazi ya namna hiyo ilianza huko Karagwe katika miaka ya 1990, kwenye kituo cha mafunzo ya umeme wa jua cha KARADEA.

Linganisheni na niliyoyaona kwa macho yangu katika utumishi. Katika wilaya moja ambayo sitaitaja, zahanati ililetewa paneli nzuri kabisa. Wafungaji walifika asubuhi na gari lao, wakafunga, wakapiga picha, jioni wakaondoka. Hakuna kijana wa kijiji aliyeshika hata koleo. Betri zilikuwa za maji. Hakuna aliyeambiwa kwamba huongezwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke, wala kwamba ukizikausha nguvu kila usiku zinakufa. Nilipokagua baada ya miaka miwili muuguzi alikuwa anazalisha kwa tochi ya simu, na paneli ziko juu ya paa zikikusanya vumbi. Niliandika taarifa. Taarifa ipo kwenye faili.

Sasa nyumba yetu. Wapo waliosema kwamba umeme wa REA umekwisha fika shuleni, sola ya nini? Ni kweli nguzo zimefika shuleni, lakini kiwanja tulichopewa kiko ng'ambo ya korongo, na kuvusha nguzo kutakula fedha za bati. Tena hesabu ya nyumba ile mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Taa nane za wati tano zikiwaka saa tano ni wati-saa 200. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Redio na simu tuseme 60. Jumla 420. Jua la kwetu, likipimwa kama jua kali la utosini, ni la saa nne na nusu hivi kwa siku, na theluthi moja ya nguvu hupotea kwa joto, nyaya na betri. Paneli ya wati 150 itatosha kwa shida. Mwenye busara ataweka 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba 1,200, lakini ya risasi isitumiwe kupita nusu, kwa hiyo kwa mawingu ya masika ziwe mbili.

Nyumba yenyewe nayo ifanye kazi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Upenu uwe mpana, madirisha yatazamane upepo upite. Paneli zielekee kaskazini kwa kuwa tuko kusini ya Ikweta, zilazwe kidogo ili mvua ioshe vumbi, na ziachiwe nafasi juu ya bati, maana paneli ikipata joto kali hupungua nguvu. Hayo yote ni fizikia na jiografia ambayo watoto wetu wanaikariri sasa hivi.

Tangu Januari 2024 sekondari zetu zimeanza kuwa na mkondo wa amali, na Handeni tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya Sweden. Vijana wapo. Kuhusu taratibu, nazungumza kama mtumishi wa serikali: madarasa mengi nchini yamejengwa kwa fosi akaunti, yaani fundi wa kawaida chini ya kamati na mhandisi wa halmashauri. Sisi ni chama tu.  Lakini yapo masharti nisiyoyalegeza. Mhandisi akague msingi na kenchi. Mtoto asipande paa bila fundi mwenye cheti. Vijana wa ufundi walipwe posho yao, na wanafunzi wafanye kazi hiyo kama somo lenye alama, asitumwe hata mmoja kwa adhabu. Itachukua miezi mitano mahali ambapo mkandarasi angetumia miwili. Nakubali.

Mwaka jana nilipita Mombo nikasikia naitwa kutoka juu. Mtu alikuwa juu ya paa la duka anafunga paneli. Alikuwa mmoja wa wale vijana wawili wa stoo. Uashi aliuongezea umeme wa jua, kwa kujifunza kwa wenzake na kwa kuharibu betri zake mwenyewe, kama alivyonieleza. Aliniuliza kama ukuta wa magharibi bado una tumbo. Nikamwambia habari za nyumba ya mwalimu. Akashuka, akafuta mikono, akaniuliza kiwanja kina mteremko wa upande gani.

Hakuwahi kusoma shuleni kwetu, hivyo jina lake halimo katika orodha ya waalikwa. Namba yake ya simu nimempa katibu. Kura itapigwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na fundi amesema atakuja, hata kama ni kusimama nje.