Huwezi kucheza bao ukiangalia dari

Nimeadimika kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yamenibana kweli kweli. Jumapili nilikwenda kumwona binamu yangu aliyeanguka mwembeni akaumia uti wa mgongo. Nikamkuta kalala, macho darini, haongei. Jirani akaninong'oneza, "Huyo ndo basi tena." Neno lile likanikaa rohoni. Jana nimeingia maktaba kusoma ya lekcha, nikaishia kusoma habari za Stoke Mandeville.

Hiyo ni hospitali ya Uingereza. Februari 1944, vita ya pili ya dunia ikiendelea, Dk. Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, alifungua hapo kituo cha walioumia uti wa mgongo. Enzi zile aliyepooza miguu alihesabiwa marehemu: vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo vilimmaliza. Guttmann akaagiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Vifo vikapungua. Sasa likaja swali gumu zaidi: waishi wakifanya nini?

Jibu likawa kazi za mikono na michezo. Walijaribu polo ya viti vya magurudumu, ikawa na fujo mno, ikaachwa. Upinde na mishale ukakubali. Msidhani ilikuwa kupoteza muda tu. Kuvuta upinde kunajenga mikono, mabega na mgongo, na hizo ndizo nguvu anazozihitaji aliyepooza ili akae wima na ajihamishe kitandani kwenda kwenye kiti. 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, walioumia vitani 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana pale kulenga shabaha. Mwaka 1960 michezo hiyo ikafika Roma, wanamichezo kama 400 kutoka nchi 23. Ndo Paralimpiki ya kwanza hiyo! Kenya iliingia 1972, kule Heidelberg.

Marekani nako, wakati wa vita hiyohiyo, Msalaba Mwekundu ulipeleka wahudumu wa burudani kwenye hospitali za jeshi. Baadaye ikawa taaluma kamili, na mwaka 1981 likaundwa baraza la kuwathibitisha wataalamu wake. Kazi yao huanza na swali dogo: kabla ya kuumia ulikuwa unapenda nini? Halafu mchezo unapangwa kwa lengo, iwe kuimarisha bega, kurudisha kumbukumbu au kuondoa woga wa kukaa na watu.

Swali hilo binamu yangu hajaulizwa na mtu, hata mimi sikumuuliza. Na jibu nalijua: bao. Kijijini kwetu hakuna wa kumfunga. Mimi si mtaalamu, na bao haliungi mfupa. Lakini bao huwezi kulicheza huku unaangalia dari. Nimeshamuuliza nesi kama anaruhusiwa kukalishwa, kasema ruksa.

Jumapili ijayo naenda na bao kwapani. Akinifunga, nitawaambia. Tena naomba anifunge.

Alamsiki.