Mbinu za mashambulizi katika bao, mchezo wa vita usio na dadu

BAO ni vita vya mezani. Wachezaji wawili hukabiliana, kila mmoja akiwa na safu mbili za mashimo manane, na shabaha ya kila mmoja ni kuimaliza safu ya mbele ya mwenzake.

Michezo mingi ya vita inayouzwa madukani huamuliwa kwa dadu. Katika Risk, uliobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse na kutolewa mwaka 1957, mshambuliaji hurusha dadu tatu dhidi ya mbili za mlinzi. Kwa hesabu, katika kila mapambano 100 ya namna hiyo, mlinzi hupoteza askari wawili mara 37 hivi, mshambuliaji hupoteza wawili mara 29, na mara 34 kila upande hupoteza mmoja. Namba zikilingana, mlinzi ndiye mshindi. Kwa hiyo mbinu ni kurundika jeshi kwanza na kusimama kabla halijapungua. Hata hivyo, bahati haiondoki.

Katika bao la Kiswahili bahati haina nafasi. Kete zote ni 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mwanzoni kila mmoja huwa na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo kuu liitwalo nyumba, na 22 huwekwa akiba.

Awamu ya kwanza ni ya kunamua, ambapo kila zamu huingizwa kete moja ya akiba. Ikitiwa katika shimo lenye kete, linalotazamana na shimo la mpinzani lenye kete, zile za mpinzani huliwa. Kete zilizoliwa husambazwa kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia au kushoto. Zikiliwa mbele ya kichwa, au mbele ya kimbi lililo jirani yake, upande wa kuanzia hauchaguliwi.

Uamuzi wa upande ndio moyo wa shambulio. Kete tatu zilizoliwa huishia shimo la tatu. Likiwa tupu, zamu imekwisha. Likiwa na kete na linatazamana na kete za mpinzani, mshambuliaji hula tena na kuendelea. Hivyo ulaji uleule wa kete tatu waweza kufa upande wa kushoto na kubomoa nusu ya safu ya mpinzani upande wa kulia.

Aidha, kula ni lazima: mwenye nafasi ya kula haruhusiwi kuiacha. Mchezaji hodari hutumia sharti hilo kutega chambo, akimlazimisha mpinzani ale kete chache na kufungua shimo lenye kete nyingi zaidi.

Nyumba nayo ni hazina na mtego. Mchezaji anayekula, akifika katika nyumba yake, aweza kulala au kusafiri nayo. Kuisafirisha mapema huleta mapigo marefu, lakini huacha akiba ya baadaye ikiwa imetawanyika. Kuing'ang'ania nako humpa mpinzani nafasi ya kuila yote kwa pigo moja.

Akiba ikiisha huanza mtaji, na zamu huanzia shimo lenye kete mbili au zaidi. Asiyeweza kula hutakata, yaani husambaza kete zake bila kula. Akimwacha mpinzani naye hana la kula, na shimo moja tu la mpinzani likiwa hatarini, basi mpinzani, isipokuwa katika hali chache, hukatazwa kuanza na shimo hilo. Hilo ni shambulio lisilochukua hata kete moja.

Ng'ambo ya mpaka wa Ngara mkoani Kagera, nchini Rwanda, huchezwa igisoro, na Uganda wana omweso. Michezo hiyo nayo ina safu nne na kete 64, lakini humo mshambuliaji hula shimo la mbele pamoja na la nyuma yake. Katika bao safu ya nyuma hailiki, hivyo ni kimbilio.

Mtafiti Alexander de Voogt alichunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Hayati Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa kuupenda mchezo huu.

Anayeanza huhesabu alichokula. Fundi huhesabu alichomwachia mpinzani, kwa kuwa safu ya mbele ikibaki tupu mchezo umekwisha, hata kama safu ya nyuma imejaa kete.